Bi Bonyeza Anaondoka, Chupa Zinabaki Rafuni

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa alasiri, mkaguzi wetu wa vifungashio atalivua koti lake jeupe na kulitundika kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne katika kiwanda hiki cha krimu na mafuta ya ngozi. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi hawalijui. Hata mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ni kusoma vitambulisho, humwita Bi Bonyeza.

Ofisi ya utumishi imemwomba mwandishi wa wasifu huu aueleze utumishi wake kwa uchangamfu na kwa ufupi. Mwandishi amekaa naye benchi moja kwa miaka kumi na moja, Bi Bonyeza akikagua chupa, mwandishi akibandika lebo. Kuhusu uchangamfu atajitahidi. Kuhusu ufupi hakuahidi kitu.

Bi Bonyeza alianzia kwenye mstari wa kujaza, enzi krimu zetu zote zilipouzwa katika makopo ya mdomo mpana. Kazi yake ilikuwa kufunga vifuniko, makopo mia nne kwa saa. Wenzake wa wakati huo wanasema alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuimba, hana wasiwasi na jambo lolote. Sisi tuliokuja baadaye tunaisikiliza habari hiyo kama habari ya mtu mwingine kabisa.

Kilichombadilisha ni kopo moja. Katika mwaka wake wa nne kazini, mama mmoja alilirudisha kiwandani akiwa amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni, mara mbili. Mtoto wake alikuwa na ugonjwa wa ngozi. Alipakwa krimu ile, vidonda vikatunga usaha, akalazwa wiki tatu. Maabara ilipima ikakuta krimu ilitoka kwetu ikiwa safi. Vijidudu viliingia baadaye, kwa vidole vilivyochovya asubuhi na jioni kwa mwezi mzima. Barua ya kiwanda ilisema hatuna kosa, na kwa sheria ilikuwa kweli. Lakini namba iliyokuwa chini ya kopo ilionyesha zamu, na zamu ile ilikuwa yake. Kifuniko kile alikifunga yeye.

Aliogopa. Mwenyewe hasiti kusema hivyo. Kwa wiki nzima kila kifuniko alikikaza, akakifungua, akakikaza tena. Watu walimwambia aache kujitesa, krimu ilikuwa safi na mama wa watu alikuwa ananawa. Akawajibu kwamba kama krimu ni safi na mama hana kosa, basi kosa ni la mlango, na mlango wenyewe ni mpana mno. Mwezi uliofuata aliomba kuhamia chumba cha vifungashio, ambacho wakati huo kilikuwa na meza moja, kiti kimoja na mzee mmoja aliyekuwa akihesabu siku zake za kustaafu.

Kwa ajili yenu ndugu na jamaa mliokuja kumsindikiza, tueleze kidogo chupa isiyoingiza hewa, kwa sababu ndiyo iliyowanyima mama yenu na shangazi yenu miaka yote hii. Chupa ya kawaida ya pampu ina mrija unaofika chini. Kila ukibonyeza, krimu inatoka na hewa inaingia kuchukua nafasi yake, pamoja na vumbi lake na vijidudu vyake. Chupa anayoipenda Bi Bonyeza haina mrija. Ndani yake, chini kabisa, kuna kisahani kilichobana kuta. Ukibonyeza kichwa, krimu ya ukubwa wa punje ya njegere inatoka, na kisahani kinapanda kuziba pengo. Kidole hakigusi krimu, hewa haigusi krimu, mpaka inakwisha. Ndiyo maana krimu ya namna hiyo inaweza kutiwa dawa kidogo sana ya kuzuia kuoza, au isitiwe kabisa.

Alipoiona chupa hiyo kwa mara ya kwanza alifurahi siku nzima. Kesho yake akaanza kuogopa upya. Krimu isiyo na dawa haina mtetezi mwingine; chupa ikishindwa, imeshindwa peke yake.

Kwa hiyo alizichunguza chupa kama mtu anayechunguza mchumba wa binti yake. Kila sampuli aliibonyeza kwa mkono mkavu, kwa mkono uliolowa, kwa mkono wenye mafuta, na kwa mkono wa kushoto, maana, alisema, mama aliyebeba mtoto ana mkono mmoja tu na haujulikani ni upi. Aliilaza ubavu. Aliisimamisha kichwa chini. Aliipima kwenye mizani ikiwa imejaa, na tena ilipogoma kutoa, ajue ndani kumebaki kiasi gani. Mume wake ni fundi wa majokofu, na kwa miaka mingi hakuna jokofu lililopita mikononi mwake bila kulaza chupa zetu siku mbili tatu. Mteja mmoja alilirudisha lake akilalamika kwamba sasa linagandisha vizuri ila linanukia maua.

Wauza chupa walimwogopa. Yupo mmoja, mtanashati sana, aliyekuja na begi la sampuli zinazong'aa akaondoka na nusu nusu zake, kwa sababu Bi Bonyeza alizikata zote kwa msumeno wa chuma mbele yake huku akimuuliza watoto hawajambo. Siku hizi hutuma sampuli kwa posta.

Na ipo rafu. Ipo ukutani, mkono wa kulia wa dirisha, na kila toleo linalotoka kiwandani huacha chupa moja pale. Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya chai, Bi Bonyeza hupita na karatasi laini, hubonyeza kila chupa mara moja, hunusa, huandika. Huziamkia kwanza: "Haya, mmeamkaje?" Nasi tumezoea kunyamaza mpaka zote zijibu. Chupa ikikawia hata kidogo, rangi inamtoka usoni.

Hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kusema "mimi", kwa sababu yanayofuata hayawezi kusemwa na mtu aliyejificha. Nilipokuwa mgeni niliwahi kumcheka kwa ajili ya rafu ile. Hakukasirika. Aliniambia, "Mdogo wangu, siku utakayobonyeza bila kuogopa, omba likizo."

Mwaka jana kiwanda kilitengeneza krimu ya watoto wachanga wenye ngozi iliyochubuka. Haikuwa na dawa yoyote ya kuzuia kuoza, maana ngozi ile haiwezi kuivumilia, na nyingi yake ilikuwa iende kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja. Kuchagua chupa ilikuwa kazi ya Bi Bonyeza. Zilikuja za aina tatu. Meneja mauzo aliipenda ya kioo, nzito, yenye shingo ya rangi ya dhahabu. Bi Bonyeza alipima kimo cha kitanda cha hospitali kwa futi ya fundi cherehani, akaiachia chupa kutoka hapo, na mjadala wa kioo ukaishia sakafuni. Ya pili ilikuwa na mfuko laini ndani. Mfuko ukajikunja na kubakiza krimu nyingi mno. Ya tatu ilikuwa ya plastiki nyeupe, nyepesi, yenye kisahani, haina urembo wowote.

"Jamani, hii si chupa ya gundi?" meneja mauzo alilalamika.

"Ndiyo, bosi," alijibu Bi Bonyeza, "na gundi haijawahi kuharibika ndani yake."

Aliijaribu wiki kumi na mbili, kwa baridi na kwa joto, kwa kila mkono alioujua. Haikukosea hata mara moja. Akatia sahihi, na jioni ile nilimwona akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi, anaogopa tu, na kwamba nimwache kidogo kutapita.

Toleo la kwanza lilipokuwa tayari, nilipewa kazi moja, kubandika lebo ya namba. Nilizibandika chini, katikati kabisa, bila hata moja kwenda upande. Kwenye makopo tulibandika chini miaka yote. Hakuna aliyeniambia nibandike pengine, wala mimi sikuuliza.

Siku ya tisa, saa moja na nusu asubuhi, chupa ya toleo lile pale rafuni haikujibu. Bi Bonyeza alibonyeza tena. Kichwa kilishuka kikapanda, hakikutoa kitu. Alibonyeza mara ya tatu kwa mikono miwili. Sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukiwa vile, na sipendi kuuona tena. Alikwenda kwenye simu akiwa bado ameishika ile chupa.

Muuguzi mkuu wa wodi alipokea kwa furaha. Sauti yake niliisikia kutoka kwenye benchi langu. Alisema krimu ni nzuri sana, ila hizo pampu zenu, dada, ngumu. Zinatoa siku moja, ya pili zinakataa. "Lakini msijali, sisi tunazikata vichwa kwa kisu, tunachota tu."

Chupa zilikuwa zimefika wodini Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumanne. Krimu isiyo na dawa yoyote, imefunguliwa kwa kisu, inachotwa kwa vidole na kupakwa watoto wasio na ngozi ya kuwakinga. Bi Bonyeza alimwomba muuguzi aache kutumia zilizokatwa na azitume zote maabara. Muuguzi akasema zilizokatwa ni tisa, na krimu ya mojawapo amepakwa mtoto mmoja mwili mzima kwa siku mbili. Kuhusu nzima zilizobaki aliuliza afanye nini, kwa kuwa krimu nyingine hana. Bi Bonyeza alimwambia asubiri. Muuguzi alisema atajaribu, lakini watoto wanalia.

Alituita wote. Alituuliza mmoja mmoja tulibadilisha nini tangu majaribio: mashine, krimu, joto la chumba, sabuni ya kuoshea. Ilipofika zamu yangu nilisema sikubadilisha kitu. Sikumdanganya. Lebo sikuihesabu kuwa kitu.

Akakata chupa moja kwa msumeno. Ndani kila kitu kilikuwa sawa, kisahani kikapanda na kushuka bila shida. Akakata ya pili, akakata ya tatu. Chupa nzima haitoi, ukiikata haina kosa. Tulikuwa tukitazamana, na ninakiri kwamba nilianza kufikiri juu ya mambo yasiyo ya akili za kiwandani.

Kengele ya chakula cha mchana ililia. Wenzangu walitoka, naye akarudi kwenye simu. Aliniachia kazi ya kubandua lebo kutoka kwenye chupa mbovu na kuzipachika kwenye daftari lake la ripoti. Nilibandua ya kwanza. Chupa ilivuta pumzi, sauti ndogo tu. Nikaibonyeza. Krimu ikatoka.

Chini ya chupa ile kuna kitundu cha kupitisha ncha ya sindano. Hewa ya nje hupita hapo kukisukuma kisahani kutoka chini. Hewa hiyo haikutani na krimu, lakini bila hiyo kisahani hakipandi. Lebo yangu ya plastiki ilikuwa imekiziba vizuri kabisa. Msumeno, kila ulipokata, ulikuwa unaifungulia hewa njia na kulificha kosa langu.

Nilibandua ya pili, ikatoa. Ya tatu, ikatoa. Kisha nikakaa.

Nilikaa dakika ishirini na tano. Nataka zihesabiwe zote. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi moja tu. Nilifikiri ninaweza kuzibandika lebo upya ubavuni, niseme zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilifikiri pengine atagundua mwenyewe, nami nitashangaa pamoja na wengine. Nilikuwa namsikia upande wa pili wa kioo akiongea na mkemia, sauti yake ikiwa ndogo. Wenzangu waliporudi, niliinuka nikaenda kwake na chupa na lebo mkononi, nikamwambia ni mimi.

Aliichukua chupa, akaigeuza, akakitazama kitundu. Akaibonyeza. Halafu akapiga simu wodini, akasema, "Dada, geuza chupa. Bandua karatasi ya chini. Sasa bonyeza." Akaniwekea mkono wa simu sikioni nisikie mwenyewe. Muuguzi alikuwa anazibonyeza moja moja, akisema, "Imetoka. Hii nayo imetoka." Alipomaliza alisema ni bahati mbaya tu, kwa sababu katika nusu saa iliyopita mtoto mmoja alizidiwa na kilio, na ikabidi yeye muuguzi akate nyingine mbili.

Yule mtoto aliyepakwa kwa siku mbili alipandwa na homa usiku wa kuamkia Alhamisi. Maabara ilikuta vijidudu kwenye chupa yake. Kwa siku tisa Bi Bonyeza alipiga simu wodini kila asubuhi kabla ya kwenda rafuni, nami nilisimama mlangoni nikimtazama mgongo, kwa sababu uso sikuthubutu. Sikumbuki nilikula nini siku zile. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya tisa aliweka simu chini, akageuka, akasema, "Ameruhusiwa. Ngozi safi." Kisha akaketi kwenye kiti changu badala ya chake akalia, nami nikalia nimesimama.

Chupa zote zilizokuwa madukani zilirudishwa. Lebo zilihamia ubavuni. Bi Bonyeza aliniambia nimwachie ripoti ataiandika yeye. Nilijua jina langu limo, nikawa nangoja kuitwa ofisini. Kila simu iliyolia kwa miezi kumi na moja nilidhani ndiyo hiyo. Sikuitwa, nikajipa moyo kwamba nimesamehewa.

Jumatatu iliyopita ofisi ya utumishi ilinipa faili lake ili nichukue tarehe za wasifu huu. Tarehe nilizipata. Nilipata na fomu ya tukio lile. Penye swali la nani anawajibika, kwa mwandiko wake ninaoujua, ameandika cheo chake mwenyewe, na chini yake: "Mbandika lebo hakuambiwa. Kumwambia ilikuwa kazi yangu." Jina langu halimo, wala dakika zangu ishirini na tano. Nyuma ya fomu kuna barua ya kumpandisha kuwa mkuu wa idara, imekwisha kuchapwa, imepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa: isitishwe.

Ndiyo maana Ijumaa hii tunamuaga mkaguzi, na si mkuu wa idara. Wakurugenzi watakuwa mstari wa mbele na karatasi hii mikononi. Afisa utumishi alipoisoma aliniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia sina, ila aichapishe. Ninaogopa ninapoiandika, na nitaogopa zaidi nitakapomwona Bi Bonyeza akiisoma, kwa maana atakunja uso na ataniita kwa jina langu lote. Nimepangiwa kukalia kiti chake kuanzia wiki ijayo. Kama baada ya haya bado kitakuwa changu, sijui.

Kwa niaba ya mstari wa kujaza, maabara, stoo na getini, tunakushukuru, Bi Bonyeza. Tunakushukuru kwa kila mtoto aliyepona bila mama yake kujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akimwogopea. Mzee wako wa majokofu tumemrudishia mke, na wajukuu bibi mwenye mikono miwili mitupu. Mungu akupe umri mrefu na usingizi mzito, uamke saa unayotaka wewe.

Ufunguo wa chumba cha rafu ulinipa jana. Kama wakurugenzi watataka kuuchukua, wauchukue kwangu Jumatatu saa mbili. Saa moja na nusu nitakuwa na kazi. Nitaziamkia, nitabonyeza ya kwanza, nitangoja. Na ninakuahidi, dada yangu, sitahitaji likizo.